Kabla Hujaenda Luthuli Kununua Kibodi Nyingine

Kama kibodi yako ilikuwa nzima asubuhi na sasa haiandiki, anza na hili: shikilia kitufe cha Shift cha upande wa kulia, hesabu polepole hadi kumi, achilia, kisha jaribu kuandika jina lako. Likitokea, umeokoa nauli ya kwenda Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki katikati ya Nairobi, na bei ya kibodi mpya. Lisipotokea, endelea kusoma.

Nina saiba hapa Umoja, mashine nane na printa moja yenye kisirani. Kwa miaka niliyokaa nyuma ya kaunta hii nimeletewa kibodi zilizokufa, skrini zilizoungua na laptopu zenye virusi, na nyingi kati ya hizo hazikuwa na ugonjwa wowote. Mtu mzima, mtoto au paka alikuwa amegusa vitufe viwili vitatu kwa mpigo, akaamsha zana ambazo Windows huja nazo kwa ajili ya wenye ulemavu: asiyeona vizuri, asiyesikia, anayeandika kwa mkono mmoja, ambaye vidole vyake vinatetemeka. Baadhi yake zimo ndani ya Windows tangu Windows 95, na kadhaa zilianzia Trace Center ya Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani. Waliozitunga walifanya makusudi ziwe nyepesi kuamsha, kwa sababu anayezihitaji mara nyingi hawezi kuifikia menyu kabla hazijawaka. Wepesi huo ndio unaokuponza wewe usiyezihitaji.

Nitakwenda kwa dalili, kama wateja wanavyozileta. Ninapoandika Win, ninamaanisha kitufe chenye nembo ya dirisha, pale chini kushoto. Maelezo ni ya Windows 10 na 11. Ile ya 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, lakini bado naiona kila siku kwenye laptopu za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza kabla ya kuletwa huku. Na kama utakumbuka kitu kimoja tu katika haya yote, kiwe Win na U. Vitufe hivyo hufungua ukurasa wenye swichi za zana hizi zote. Kwenye Windows 11 unaitwa Accessibility, kwenye 10 unaitwa Ease of Access.

Herufi hazitoki, au zinatoka ukizikandamiza kwa nguvu

Dalili hii ndiyo inayouza kibodi nyingi kuliko zote. Unaandika kwa mwendo wako wa kawaida, hakuna kinachotokea. Ukikikandamiza kitufe na kukishikilia, herufi inatoka, moja, kwa shingo upande. Mteja anaamini kibodi imeingia maji.

Kisababishi ni Filter Keys. Huamshwa kwa kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane, na ukitaka kujua mtu anashikiliaje kitufe sekunde nane bila kujua, mtazame anayejaza ritani ya kodi tarehe 29 Juni. Kidole kimetua pale, macho yako kwenye karatasi ya mwajiri, anatafuta tarakimu. Mashine inalia, kidirisha kinatokea, yeye anabonyeza Enter ili kiondoke. Enter maana yake ni ndiyo. Kuanzia hapo kompyuta inapuuza kila kitufe kilichoguswa kwa haraka, kwa sababu imeambiwa mwandishi ana mkono unaotetemeka na asihesabiwe miguso ya bahati mbaya.

Kuzima ni kushikilia tena Shift ile ile ya kulia sekunde nane. Isipokubali, Win na U, ingia upande wa kibodi, zima Filter Keys kwa kipanya.

Sasa kabla hujaitupa jaani, isikilize. Ndani ya Filter Keys kuna kipengele kiitwacho Bounce Keys, nacho ni dawa ya kibodi ya kizee. Kibodi iliyochakaa huandika herufi moja mara mbili: unataka "mama", inakupa "mmama". Ukiiwasha Bounce Keys, kompyuta inapuuza mguso wa pili wa kitufe kile kile ukifuata haraka mno. Laptopu yangu moja ilikuwa na kitufe cha n chenye kigugumizi, na imeendelea kufanya kazi hivi kwa zaidi ya mwaka bila mimi kugusa bisibisi.

Ila kuna mtego, na mtego wenyewe unamhusu Mswahili kuliko Mwingereza. Lugha yetu inapenda irabu mbili mfululizo. Ukiweka muda mrefu, "kaa" linakuwa "ka", "saa" linakuwa "sa", na barua ya kuomba kazi inaandika "chombo cha habari marufu" badala ya maarufu. Weka muda mfupi kabisa unaoruhusiwa, kisha jipime kwa kuandika "kaa saa mbili" mara tatu. Likitoka sawa kwa mwendo wako wa kawaida, umepata kipimo.

Kila herufi inafungua kitu

Unabonyeza p, printa inaitwa. Unabonyeza s, inakuuliza uhifadhi faili wapi. Ukizungusha gurudumu la kipanya, ukurasa unakua kama unga wa mandazi. Hiyo ni Ctrl iliyobaki chini. Kama badala yake e inafungua mafaili, d inafagia madirisha yote na l inakufungia nje uanze kuandika nenosiri upya, basi iliyobaki chini ni Win.

Kuna sababu mbili na matibabu yake ni tofauti, kwa hiyo usikimbilie. Ya kwanza ni chai, sukari au makombo: kitufe kimenata kweli. Ya pili ni Sticky Keys iliyowashwa, ambayo ukigusa Ctrl mara mbili mfululizo huifunga ibaki imeshikwa hadi uiguse tena.

Namna ya kuzitenganisha: fungua kibodi ya kwenye skrini kwa Win, Ctrl na O kwa pamoja. Vitufe vikikataa, ingia kupitia kipanya kwenye ukurasa wa zana hizi. Kibodi hiyo ikijitokeza, tazama Ctrl, Alt, Shift na Win bila kugusa kitu. Kinachoonekana kimebonyezwa ndicho mshukiwa. Kiguse kimoja kimoja, cha kushoto na cha kulia, mara moja tu kila kimoja. Kikiachia na kikabaki kimeachia, ilikuwa kufuli ya Sticky Keys, nawe ukaizime kwa kugusa Shift mara tano. Kikiachia kisha kikarudi chenyewe baada ya dakika, una uchafu chini ya kitufe. Zima mashine, igeuze kichwa chini, igonge taratibu, safisha kwa pamba yenye spiriti kidogo. Usimwage spiriti, nimeona.

Kidirisha cha Sticky Keys hakiniachi

Huyu analalamika kwamba kila akigusagusa Shift, kompyuta inalia na kumuuliza swali. Wengi wao ni vijana wanaocheza gemu, kwa sababu kwenye gemu nyingi Shift ndiyo mbio, na kwenye kukimbizana mtu huigonga mara tano bila kuhesabu. Wanabonyeza hapana, kinarudi. Hapana hujibu swali la sasa tu. Dawa ya kudumu iko kwenye Win na U, sehemu ya kibodi, chini ya Sticky Keys: kuna swichi ya pekee ya kuruhusu au kukataza njia ya mkato. Zima hiyo, na Shift tano hazitaita mtu tena.

Likizo ya Agosti mwaka mmoja nilikaa jioni nzima nikizima swichi hiyo kwenye mashine zangu zote nane. Watoto wa mtaa walikuwa wamenichosha. Nikalala vizuri.

Wiki iliyofuata akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye mkono wake wa kushoto haufanyi kazi tangu alipopata kiharusi. Alikuwa na barua ya kuandika. Akakaa, akagonga kitu kwa kidole kimoja, akangoja, akagonga tena. Kisha akaniita.

"Kijana, mbona mmeifunga?"

Sikuelewa anasema nini. Nikadhani anazungumzia choo.

Akanionyesha. Yeye hugonga Shift mara tano, Sticky Keys inawaka, halafu anaandika kama mtu yeyote: anagusa Shift, anaachilia, anagusa m, inatoka M kubwa. Ctrl, kisha c, amenakili. Ctrl, Shift, Esc, kimoja baada ya kingine, na orodha ya programu zinazoendelea inafunguka. Mkono mmoja, hakuna anachokosa. Alijifunza mwenyewe baada ya kuugua, na kila kompyuta anayoketi mbele yake huianzisha kwa namna hiyo, kama mtu anayebisha hodi. Kwangu alibisha, na mimi nilikuwa nimefunga mlango kwa sababu ya gemu za watoto.

"Samahani, mwalimu," nikamwambia, nikaiwasha. Jioni ile nikazirudia mashine zote. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha, na sikuhitaji wakili anieleze kwamba swichi ile ni kifaa. Watoto wa gemu nimewahamishia mashine mbili za pembeni, na huko tu ndiko nimeizima.

Kwa hiyo ushauri wangu unategemea mashine ni ya nani. Laptopu yako peke yako, na hujawahi kuihitaji: zima njia ya mkato, ishi kwa amani. Mashine ya saiba, maktaba, darasa au ofisi: iache. Kelele ya mara moja kwa wiki haimuui mtu.

Na mimi mwenye mikono miwili sasa naitumia kila siku. Mteja ananipa simu yake nimsomee tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwenye meseji. Mkono wa kushoto una simu, wa kulia unagusa Ctrl, unaachilia, unagusa v. Hapo kabla nilikuwa nikibana simu kati ya shavu na bega kama mpishi wa harusi.

Nimeandika "kilimo", imetoka 253506

Usicheke, hesabu. Kwenye laptopu ndogo za zamani na kibodi ndogo za kuchomeka, herufi za upande wa kulia hubeba tarakimu za ziada: j ni 1, k ni 2, l ni 3, u ni 4, i ni 5, o ni 6, m ni 0. Num Lock ikiwaka, neno "kilimo" lote linageuka tarakimu na "Juma" anakuwa 140a. Mtu anaweza kujaribu nenosiri mara kumi, anafungiwa akaunti, na nenosiri lake halina kosa lolote. Zima Num Lock. Kwenye mashine hizo ndogo mara nyingi ni Fn pamoja na kitufe chenye maandishi ya Num Lk.

Ndugu yake wa karibu ni tatizo la ex-UK. Laptopu imetoka Uingereza na kibodi ya Kiingereza cha huko, lakini aliyeiwekea Windows hapa mjini alichagua mpangilio wa Marekani. Kitufe kinaonyesha @, kinatoa alama ya kunukuu. Kile cha 2 ukikibonyeza na Shift, kinatoa @. Barua pepe haziandikiki. Wapo wanaonakili @ kutoka mahali pengine kila mara wanapoihitaji, miaka inakwenda. Bonyeza Win pamoja na kitufe cha nafasi, uone mpangilio uliochaguliwa, ubadilishe kuwa wa Uingereza. Kama haumo kwenye orodha, uongeze kwenye mipangilio ya lugha. Kama ulikuwa sawa ukageuka ghafla katikati ya kazi, basi uligusa Alt na Shift ya kushoto kwa pamoja. Hizo nazo hubadilisha lugha ya kibodi mahali penye zaidi ya moja.

Kwa makosa ya Caps Lock na Num Lock, washa Toggle Keys kwa kushikilia Num Lock sekunde tano. Kuanzia hapo kompyuta italia sauti kila ukigusa mojawapo, ya juu ikiwaka na ya chini ikizimika. Imetengenezwa kwa asiyeona taa ndogo ya kitufe, lakini mtu yeyote anayeandika nenosiri bila kuona anachoandika ni kipofu kwa dakika hiyo.

Skrini imegeuka nyeusi na maandishi ya njano, au imekuwa kubwa mno

Rangi zikigeuka ghafla zikawa kali, nyeusi tii na maandishi yanayowaka, mtu amebonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na kitufe cha Print Screen kwa pamoja. Rudia vitatu hivyo, zinarudi. Mashine haina virusi.

Kama badala yake kila kitu kimekuwa kijivu kama televisheni ya zamani, hicho ni kichujio cha rangi. Njia yake ya mkato ni Win, Ctrl na C, mradi imeruhusiwa kwenye mipangilio. Vichujio hivyo vipo kwa wasiotofautisha rangi, mathalani nyekundu na kijani. Najua mhasibu ambaye mwenye kazi alimpa jedwali lenye faida ya kijani na hasara nyekundu, akawa anazisoma zote rangi moja ya udongo. Alipowasha kichujio kinachomfaa alianza kuziona mbili. Kama umewahi kuambiwa "lakini hiyo si ni nyekundu wazi?" na wewe huioni, jaribu vyote vilivyomo, uchague kwa macho yako.

Skrini ikiwa kubwa kiasi kwamba unaona robo tu ya dirisha na inakimbia ukisogeza kipanya, hiyo ni Magnifier. Win na Esc huifunga. Huwashwa na Win pamoja na alama ya kujumlisha, na kupunguzwa na Win na ya kutoa. Nayo ndiyo zana ninayoitumia kuliko zote hapa kaunta. Wateja huniletea picha ya kitambulisho iliyopigwa gizani, na mimi natakiwa kusoma kama ile ni 3 au 8. PIN ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ina herufi moja, tarakimu tisa na herufi nyingine mwishoni; ukikosea moja tu, umemjazia mtu mwingine. Badala ya kukaza macho, nabonyeza Win na kujumlisha mara mbili, kisha Ctrl, Alt na L. Hapo ukuzaji unakuwa kioo kidogo kinachofuata kipanya, na skrini iliyobaki inakaa kama ilivyo. Ukiongeza Ctrl, Alt na I, rangi ndani yake zinageuzwa kinyume, na hati iliyofifia mara nyingi husomeka zaidi ikiwa nyeupe juu ya nyeusi.

Lakini Magnifier si dawa ya kila jicho. Kama unasogeza pua kwenye skrini siku nzima, usiishi ndani ya kioo. Win na U, tafuta ukubwa wa maandishi, sukuma kishale polepole. Unafika hadi asilimia 225. Pia hapo kuna kipanya kikubwa na chenye rangi utakayo. Shosho mmoja anayekuja kuongea na wajukuu wake walio ng'ambo nilimwekea mshale wa rangi ya waridi mkubwa kama kidole, na tangu siku hiyo haniiti kuuliza mshale uko wapi.

Ukurasa wa kivinjari peke yake ukiwa mkubwa au mdogo, Ctrl na 0 hurudisha. Kijistari kinachopepesa kikitokea katikati ya tovuti, umegusa F7, iguse tena. Skrini nzima ikilala ubavu, kwenye laptopu za zamani jaribu Ctrl, Alt na mshale wa juu, na ikikataa ingia mipangilio ya skrini ubadilishe mwelekeo. Utasogeza kipanya kwa shida kidogo, maana kulia kutakuwa chini.

Kompyuta inasema kila ninachogusa

Narrator. Win, Ctrl na Enter kuwasha, vilevile kuzima. Ctrl peke yake humnyamazisha kwa muda. Waliowahi kuiwasha bila kutaka hulalamika pia kwamba Caps Lock imekufa. Haijafa, Narrator huitumia kama kitufe chake cha amri, na ukitaka herufi kubwa wakati inaongea uiguse mara mbili haraka.

Kwa asiyeona, hiki ndicho kifaa cha kuanzia, ingawa wengi wanaofanya kazi nzito huishia kwenye NVDA, programu ya bure iliyoanzia Australia mwaka 2006. Sisi wengine tunaoona tuna jambo la kujifunza hapo. Sikio hushika kosa ambalo jicho limelizoea. Barua ndefu, tangazo la kazi, hotuba ya harusi: ifungue kwenye kivinjari cha Edge, bonyeza Ctrl, Shift na U, uisikilize ikisomwa. Katika orodha ya sauti zake mna za Kiswahili, Zuri na Rafiki wa Kenya, Rehema na Daudi wa Tanzania. Zinahitaji intaneti. Rehema akisoma "alikwenda" mara mbili mfululizo utaruka kwenye kiti, wakati macho yalipita hapo mara nne bila kuona kitu. Kwa Kiswahili bado naona hii ndiyo njia bora kuliko kukagua tahajia, maana mistari myekundu ya programu nyingi za kuandikia huyapigia hata maneno yaliyo sahihi.

Sauti inaweza kwenda upande wa pili pia, wewe ukasema, kompyuta ikaandika. Win na H hufungua uandikaji wa sauti kwenye Windows. Kwa Kiswahili mimi hutumia hati za Google kwenye Chrome: Ctrl, Shift na S, kisha unachagua lugha kabla ya kusema, la sivyo itasikia Kiswahili chako kama Kiingereza cha mlevi. Haifanyi kazi vizuri nganya, matatu yenye mbwembwe, ikisimama mlangoni na spika zake, na hapa Umoja inasimama.

Kwa kelele hiyo hiyo kuna Win, Ctrl na L kwenye Windows 11 kuanzia toleo la 22H2. Inaandika kwenye skrini maneno yanayosemwa kwenye video au mkutano, hata kama programu yenyewe haina manukuu. Mara ya kwanza itaomba kupakua faili za lugha, kwa hiyo usingoje mkutano uanze.

Kipanya kimekwama

Kama kipanya kimekufa kweli na hujui utafungaje kazi, bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock. Hiyo ni Mouse Keys, na tarakimu za upande wa kulia zinakuwa usukani: 8 juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia, 5 ni kubofya, jumlisha ni kubofya mara mbili. 0 hushika kitu ukiburute, nukta hukiachia. Ni polepole, lakini ukitaka kusogeza kitu kwa nukta moja tu kwenye kadi ya mwaliko, hakuna mkono wa binadamu unaoifikia kwa usahihi. Laptopu isiyo na tarakimu za pembeni haifaidi hapa.

Na kinyume chake, mtu akikuambia tarakimu za pembeni haziandiki lakini mshale wa kipanya unatembea wenyewe, sasa unajua alichogusa.

Nimejaribu yote

Basi huenda kibodi imekufa kweli. Thibitisha kabla ya kulipa. Zima na uwashe mashine, na kwenye ukurasa wa nenosiri tazama pembe ya chini kulia. Kuna alama ya mtu mdogo au ya ufikivu. Ibofye kwa kipanya, ufungue kibodi ya skrini, uandike nenosiri kwa kubofya. Ukiingia, nakili kazi yako muhimu kwanza kwenye flashi. Halafu chomeka kibodi ya nje, ya kuazima kwa jirani inatosha. Ikiandika vizuri na ya ndani ikakataa, ugonjwa uko kwenye kibodi ya ndani. Zikikataa zote mbili kwa namna moja, hilo si la kibodi, rudi kwenye Win na U utazame tena swichi, hasa Filter Keys, maana hiyo hubana kibodi zote zilizochomekwa.

Kipimo cha mwisho ni kuwasha mashine na kuingia kwenye mipangilio yake ya awali kabla Windows haijapanda, kwa F10 kwenye HP nyingi, F2 kwenye Dell. Huko hakuna Sticky Keys wala Filter Keys. Mishale ya kibodi ikisogea juu na chini bila shida, kibodi yako ni nzima na tatizo liko ndani ya Windows. Ikikaa kimya hata huko, sasa panda matatu uende Luthuli, na ubebe laptopu yenyewe, kwa sababu kibodi ya ndani hununuliwa kwa kulinganisha na waya wake, si kwa jina lililoandikwa juu ya kifuniko.